Nilimpigisha Magoti Mama Keza

Ndugu zangu katika Kristo, ninawasalimu kwa jina la yule anayejua tunachokifanya majumbani mwetu wakati hakuna mwingine anayetuona. Naomba msinipigie makofi. Wengi mmezoea kuniona hapa mbele nikishuhudia, na nikisimama tu mnaanza kutabasamu. Leo sina cha kuwachekesha. Kiongozi wetu wa kundi la maombi aliniomba nifupishe, nikamwambia kwamba jambo hili nikilifupisha litakuwa uongo.

Kwa wageni, mimi naitwa Konsolata. Nimekulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ndiko nilikopata Kiswahili hiki. Ni mjane. Nashona nguo hapa Kigali katika soko la Kimironko, upande wa mafundi, na cherehani yangu iko karibu na wauza vitenge. Lakini wengi wenu hamnijui kwa cherehani. Mnanijua kwa sababu ya wazazi, wale kina mama ambao wametoka kujifungua.

Mama akijifungua na kunyonyesha kukamshinda, mtu atasema, "Muiteni Mama Konsolata." Nilikwenda. Nilikwenda Batsinda, nilikwenda kila pembe ya Kimironko, nilikwenda hata kwa watu wasio wa kanisa letu. Nilikuwa nawatoa watu wote chumbani, naweka mkono begani kwa mama, na kumuuliza swali moja.

"Umekosana na nani?"

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi. Kwamba titi haliumi bure. Kwamba mama akiwa na kinyongo, kinashuka katika maziwa, mtoto anakionja na kukikataa. Kwa hiyo mama lazima aseme amekosana na nani, na akishasema apige magoti mbele ya mtu huyo aombe radhi.

Nao walisema. Ndugu zangu, mwanamke ambaye ana siku sita tangu ajifungue, hajalala, chuchu zinatoka damu, mtoto analia, huyo atasema chochote unachotaka. Waliniambia ya waume zao, ya mama wakwe zao, ya dada zao wa kuzaliwa. Wengine walipata nafuu, nikaja hapa nikashuhudia. Wengine hawakupata, nikasema hawajatoa yote yaliyo moyoni. Oneni jinsi nilivyojipangia vizuri. Akipona, ni maombi yangu. Asipopona, ni dhambi yake. Nikipita sokoni, wanawake walionipa siri zao waliangalia chini. Nilidhani wananiheshimu.

Sasa niwaambie mimi mwenyewe nililipata wapi swali hilo.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimeolewa Buyenzi, nikazaa binti. Tulimwita Jenerosa. Wengi hapa mnajua nina watoto watatu. Nilizaa wanne. Jenerosa ndiye wa kwanza, na jina lake sijawahi kulitamka katika kanisa hili mpaka leo.

Siku ya tatu chuchu zilipasuka. Kila alipovuta nilihisi kama nakatwa na wembe. Nilikuwa nauma kanga nisipige kelele. Siku ya tano matiti yakawa magumu kama mawe, yanang'aa, na mtoto hawezi hata kuyashika. Mama mkwe wangu akaja akaniuliza, "Umekosana na nani?" Na kweli nilikuwa nimekosana na mtu. Nilikuwa nimekosana na yeye, kwa maneno ya jikoni, maneno ambayo mabinti wote huyasema. Nikakiri. Akanipigisha magoti uani mbele ya wifi zangu, mtoto nikiwa naye mikononi. Nikaomba radhi. Niliomba kwa moyo wote, Mungu ni shahidi.

Maumivu hayakuisha. Basi wakasema sijatoa yote. Wakasema maziwa yangu yameharibika, mtoto atadhurika. Wakampa Jenerosa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Akaanza kuharisha. Akakonda mpaka ngozi ya mapaja ikawa kama nguo iliyomzidi. Alifariki akiwa na wiki saba.

Siku ya maziko hakuna aliyenitukana. Wanawake walikaa karibu nami, wakanipa uji. Lakini mmoja, mtu mzima, alinishika mkono akasema kwa huruma kabisa, "Mtoto mwingine akija, uwe umeshasafisha moyo wako." Nikaitikia. Niliwazaa wengine watatu, wote walinyonya bila shida, na kila mmoja aliponyonya ilikuwa kama ushahidi juu yangu. Kumbe ninaweza. Kumbe kwa Jenerosa ilikuwa ni moyo wangu. Nilikaa na hukumu hiyo miaka thelathini na sita. Nilihama nayo nchi. Nilimzika nayo mume wangu.

Tafadhali msiseme amina hapo. Bado.

Kitinda mimba wangu anaitwa Deo. Ni dereva wa ghala moja kule Masoro. Alimuoa Klarisa, binti wa Kinyarwanda aliyekulia Karagwe, Tanzania, na ambaye pia anafanya kazi Masoro, kwenye kiwanda cha nguo. Wamepanga nyumba Batsinda. Klarisa ni mtu wa maneno machache, anaongea Kiswahili safi cha Kitanzania, na ninawaambia ukweli, sikumpenda.

Sababu yenyewe ni ya aibu. Kwa sherehe ya kutolewa kwao nilimshonea mushanana, lile vazi letu la kufunga begani, na blauzi yake ya ndani. Nilikesha juu ya blauzi ile. Baadaye nikasikia sokoni kwamba aliipeleka kwa fundi mwingine, mistari miwili tu kutoka kwangu, ikafumuliwa mikono na kushonwa upya. Hakuniambia. Na mimi sikumwambia kwamba najua. Nililiweka moyoni.

Mwaka jana Klarisa akajifungua binti, wakampa jina la Keza. Siku ya tano Deo akanipigia simu. "Mama, njoo umsaidie mwenzio. Anatokwa na machozi kila mtoto akinyonya."

Nilifunga cherehani nikaenda. Nilimkuta Klarisa kitandani, amemwinamia mtoto, mgongo umepinda kama mtu anayeokota maharage. Keza alikuwa ameshika ncha ya chuchu tu, anaivuta, anaiachia, analia. Nikaona damu kwenye midomo ya mtoto. Nami nilikuwa nimeiona damu hiyo, katika midomo mingine. Ningeweza kumkumbatia yule binti. Ningeweza kumwambia, hata mimi.

Nilimtoa Deo chumbani nikauliza, "Umekosana na nani?"

"Sijakosana na mtu, mama."

"Fikiri."

"Nimefikiri. Sina ugomvi na mtu."

Nilimuuliza siku tatu. Asubuhi nikimpa uji, namuuliza. Mchana nikifua nguo za mtoto, namuuliza. Na ndugu zangu, mimi nilikuwa najua jibu ninalolitaka. Siku ya tatu alilitoa. Alisema, akiangalia ukuta, "Labda ni ile blauzi, mama."

Nikamwambia apige magoti.

Alishuka kitandani akiwa amejishika tumbo. Alishonwa wakati wa kujifungua, nyuzi bado hazijapona. Akapiga magoti juu ya sakafu ya saruji, akaniomba radhi kwa ajili ya mikono miwili ya blauzi. Na mimi nilisikia raha. Ningependa kuwaambia kwamba nilisikia huruma, au hofu ya Mungu. Nilisikia raha, kifuani, kama mtu aliyekunywa chai ya moto asubuhi ya baridi. Nikamwekea mikono kichwani na kumwombea kwa sauti mpaka majirani wakasikia.

Kesho yake titi la kushoto likawa jekundu na la moto, na Klarisa akaanza kutetemeka kwa homa. Ni ule ugonjwa ambao Wanyarwanda wanauita ifumbi, wa titi kuwaka. Mimi nikasema maziwa yameoza kwa sababu hakuomba radhi kwa moyo. Nikasema asimpe mtoto. Nikachemsha maziwa ya ng'ombe, nikayaongeza maji, nikamlisha Keza kwa kijiko. Niliyafanya kwa mikono yangu hii, yale yale niliyofanyiwa, na wala mkono haukusita.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo nilitaka kuificha.

Pale Batsinda kuna mama anaitwa Beata. Ni mshauri wa afya, wale wanaochaguliwa na majirani, wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia wajawazito na watoto. Alikuja na mizani yake ya kuning'iniza. Kiswahili chake ni cha hapa hapa Kigali.

"Mama, amahoro. Mtoto iko wapi? Nakuja kupima kilo."

Nilisimama mlangoni. "Mama yake amelala."

"Mimi nangoja kidogo."

"Usingoje. Njoo siku nyingine."

Alirudi baada ya siku mbili. Keza alikuwa ameshaanza kuharisha. Nikamwambia Beata kwamba wametoka, wamekwenda kwa ndugu. Klarisa alikuwa nyuma ya pazia, anasikia. Beata aliangalia kamba ya kuanikia, ikiwa imejaa nepi za mtoto, akaniangalia mimi, akaondoka. Deo akirudi kutoka kazini nilimwambia mama na mtoto wanaendelea vizuri, homa ni ya kawaida. Deo ni mwanangu. Aliniamini.

Mara ya tatu Beata hakubisha hodi. Alisimama dirishani akaita jina la Klarisa. Mimi nilikuwa jikoni nyuma. Niliposikia nikakimbia, lakini nilimkuta Klarisa ameshafungua mlango mwenyewe, amejishikilia kwenye fremu, macho mekundu, Keza kwenye mkono wake. Mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa ameacha kulia tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimesema ametulia.

Beata alimchukua, akabana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, akaiachia. Ikabaki imesimama. Hakunigombeza. Alisema tu, "Tunaenda kituo cha afya sasa hivi." Akamwita jirani mwenye taksi.

Nilipanda nao. Hakuna aliyenikaribisha, nilipanda tu. Njia nzima Klarisa hakuniangalia.

Kituoni wakamtundikia Keza maji. Nesi aliyetupokea alikuwa kijana wa kiume, na niliposikia kwamba yeye ndiye atakayemshika Klarisa matiti nikaanza kupinga. Akaniita mukecuru, kama vijana wa hapa wanavyowaita kina mama wa umri wangu, akaniomba kwa upole nikae kwenye benchi. Nikakaa. Kutoka kwenye benchi nikaona kila kitu.

Kwanza hakugusa titi. Alimletea Klarisa mto, akamwambia, "Egemea nyuma. Mlete mtoto kwako, usimwendee." Akamgeuza Keza mpaka tumbo la mtoto likagusana na tumbo la mama. Alianza na titi la kulia, kwa sababu la kushoto lilikuwa na hali mbaya. Akasema, "Mguse mdomo kwa chuchu, halafu ngoja. Ngoja afungue mdomo kama anapiga miayo. Ndipo umvute haraka, kidevu kitangulie. Asishike ncha. Ashike na ile sehemu nyeusi, zaidi ya upande wa chini."

Mara ya kwanza Keza alishika ncha. Klarisa akakunja uso. Nesi akamwonyesha namna ya kuingiza kidole kwenye pembe ya mdomo wa mtoto ili aachie bila kumchuna. "Tena."

Mara ya pili vile vile. "Tena. Hatuna haraka."

Mara ya tatu mtoto alifungua mdomo. Alikuwa hana nguvu, lakini alifungua. Mdomo wa chini ukakunjuka nje, kidevu kikazama kwenye titi, na nikaona taya likishuka na kupanda polepole. Nikasikia akimeza.

Klarisa akasema, kama mtu anayeshangaa, "Hapa hainiumi."

Ilichukua muda gani? Mimi ni fundi, muda naupima kwa nguo. Ilichukua muda wa kupandisha pindo la sketi. Pengine si hata pindo lote.

Nikamwambia nesi, "Lakini maziwa ya upande ule yameoza."

"Maziwa hayaozi ndani ya titi, mukecuru. Mtoto alikuwa anashika ncha, ndiyo maana chuchu zikapasuka. Akishika ncha hatoi maziwa ya kutosha, titi linajaa, linaziba, linawaka. Na likiwaka ndiyo linahitaji zaidi kunyonywa au kukamuliwa, pamoja na dawa. Mkiacha kulitoa, linatunga usaha."

Upande wa kushoto wa Klarisa ulikuwa umeshatunga. Kwa sababu nililizuia.

Kisha nikauliza swali ambalo sikujua kwamba nitaliuliza. Nikasema, "Na mama mwingine, wa zamani. Nyufa hizi hizi, na damu, na matiti magumu kama mawe. Huyo naye angeweza kunyonyesha?"

Aliniangalia. "Ni mama gani?"

"Ni mtu ninayemjua."

"Angeweza," akasema. "Karibu wote wanaweza, wakipata mtu wa kuwaonyesha. Mtoto wake yuko wapi sasa?"

Nilitoka nje. Kulikuwa na ukuta wa matofali na bomba la kunawia. Nilisimama pale nikamwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Ndugu zangu, nilikuwa nimefunguliwa kifungo cha miaka thelathini na sita, na sikushukuru. Nilitukana. Moyo wangu haukumuua Jenerosa! Hakuna kinyongo kilichoshuka kwenye maziwa. Alikosa mto mgongoni kwa mama yake na mtu mmoja wa kusema, ngoja afungue mdomo. Badala yake walinipa magoti. Nilitaka kumgombeza mama mkwe wangu na yuko kaburini. Nilitaka kumgombeza yule aliyenishika mkono siku ya maziko, na jina lake nimelisahau. Aliyebaki hai, wa kugombezwa, alikuwa ni mimi. Na mimi nilijua zaidi yao, kwa sababu mimi lilinipata, na nililipitisha kwa wengine miaka yote hiyo nikiliita huduma.

Klarisa alipelekwa hospitali, wakampasua jipu la titi. Alikaa wiki moja. Aliendelea kumnyonyesha Keza kwa upande wa kulia, na maziwa mengine alikamua kwa mkono na kumpa kwa kikombe kidogo, maana mtoto alikuwa anachoka haraka. Manesi walisema usalama wa mtoto tuutazame kwenye nepi na mizani, tusiutazame kwenye kilio. Nepi zikaanza kulowa sita, saba kwa siku. Keza akaanza kuongezeka, taratibu sana.

Siku ya nne ya hospitali nilimwambia Deo ukweli wote. Nilimwambia kwenye ngazi za nje. Kwamba nilimfukuza Beata mara mbili. Kwamba nilimdanganya na yeye. Habari ya magoti na nyuzi. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ulijua mtoto anakonda?"

Nikasema, "Nilijua."

Akarudi ndani. Jioni akanipa ujumbe wa mkewe, akiutamka neno kwa neno kama mtu aliyetumwa kwa wageni. Kwamba nitamwona Keza, kwa sababu mimi ni bibi yake, lakini sitakaa naye peke yangu. Mpaka leo ni hivyo. Naenda Batsinda Jumapili moja kwa mwezi, nakaa kwenye kiti, Klarisa anakaa kati yangu na mtoto. Ananiwekea chai. Ananiita mama. Hajanisamehe, na sijamwambia anisamehe, maana nimeshawaomba wanawake wengi mno kutoa kitu ambacho hawana.

Nilikwenda kuungama. Padri akanipa kitubio kifupi. Nilikuwa nataka kirefu.

Basi nikaenda kwa Beata. Nikamwomba anifundishe. Akakataa.

"Mama, wewe ulinifungia mlango. Mtoto ingekufa."

"Najua."

"Sasa mimi nakuamini namna gani?"

"Usiniamini. Niweke mahali unaponiona."

Akafikiri. Akasema nije siku za kupima watoto, nikae kwenye mkeka, nisifungue mdomo. Nilikaa miezi mitatu bila kufungua mdomo, mimi ambaye mnanijua. Niliwaona wote. Mwenye nyufa anaambiwa apake matone ya maziwa yake mwenyewe na kurekebisha namna mtoto anavyoshika. Mwenye matiti yaliyojaa mpaka mtoto anateleza anaambiwa akamue kidogo kwanza, yalainike, ndipo ampe. Anayesema hana maziwa, mara nyingi anayo, ila amemwachisha mapema upande mmoja, au anampa maji kwa sababu jua ni kali. Mwenye homa na titi jekundu, huyo hasubiri hata siku moja, anapelekwa kituoni. Na wote, bila kuwaacha, wanaulizwa kama wamekula, na nani anawasaidia nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa amekosana na nani.

Halafu nikaanza kuzunguka kwa wale wa kwangu. Niliwakumbuka kwa vitenge vyao, wengine kwa mitaa. Mmoja anaitwa Vestina, anauza viazi pale pale Kimironko. Miaka minne iliyopita nilimlazimisha amkirie mumewe jambo fulani, akampigia magoti. Mume akaondoka. Maziwa hayakurudi. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba titi lake lilihitaji kuonyeshwa tu, na kwamba hakuwa na hatia.

Aliendelea kupanga viazi. Akasema, "Umekuja kunipa nini?"

Nikasema, "Sina."

"Basi ondoka, nina wateja."

Niliondoka. Alikuwa na haki. Nimewafikia kumi na mmoja mpaka sasa. Wawili walilia, mmoja alinitemea mate, wengi walisema haya mama, kama unavyomjibu mwendawazimu ili apite.

Lakini mwezi uliopita, ndugu zangu, binti mmoja wa vitenge, Solanji, alirudi kazini na mtoto wa wiki tano. Nikamwona amejificha nyuma ya marobota ya nguo, anauma ncha ya kitambaa. Nilijua anauma kwa sababu gani. Nilinawa mikono bombani, nikaenda, nikamwomba ruhusa. Nikamwekea robota mgongoni. Nikamgeuza mtoto, tumbo kwa tumbo. Nikamwambia, "Ngoja." Mtoto akafungua mdomo. Solanji alishusha kile kitambaa kutoka menoni mwake taratibu, akaniangalia, akasema, "Mama, ni hivi tu?"

Nikamwambia, "Ni hivi tu."

Nilirudi kwenye cherehani yangu na sikuweza kushona mpaka jioni. Ni hivi tu. Ndiyo furaha yangu na ndiyo sumu yangu, na nadhani nitavinywa pamoja mpaka nitakapokufa.

Sasa ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru kwa Keza, ambaye ameanza kusimama akishika meza. Ninamshukuru kwa Klarisa, aliyefungua mlango akiwa na homa wakati mimi nilikuwa nimeufunga. Ninamshukuru kwa yule kijana nesi na kwa Beata, ambaye ni Msabato na wala hasali nasi. Lakini kwa kifo cha Jenerosa simshukuru, na yeyote asije baadaye kuniambia kwamba ulikuwa mpango wake. Mungu ninayemwamini hakuwa na mpango ule. Ni sisi tuliokuwa nao.

Ninawaalika mumtegemee. Mtegemeeni yeye, na mkimtegemea hodi ikipigwa msimzuie mtu ambaye Mungu amemtuma. Kama kuna mama hapa niliyempigisha magoti, sikuombi chochote. Nataka tu usikie mbele ya watu wote kwamba maziwa yako yalikuwa mazuri.

Na kama kuna mwenye maumivu leo, amejifunga kitenge kwa nguvu, anangoja kurudi nyumbani akalie, asiondoke. Beata amekuja. Amekaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango wa pembeni, ana mito miwili na kikombe. Nitamfuata pale, yeye ataongoza na mimi nitashika mto. Wababa, tunawaomba mtupishe upande ule.

Nimemaliza. Ngoja nikanawe mikono.